Waliookoka na tasnifu: mbona tunaanza kwa maombi na hatumalizi?

Ja_Kondele
Wadau, salamu. Nitasema kitu, mawe mtarusha baadaye.

Tulipokuwa CU, ule ushirika wa wanafunzi Wakristo chuoni, tulikuwa kundi linalosoma na kuomba kwa bidii ile ile. Baada ya digrii ya kwanza wengi tukajiandikisha uzamili, wengine hapa Kisumu, wengine Kakamega, wengine Njoro. Nikiangalia leo, waliovaa joho mara ya pili ni wale walioacha kuonekana kanisani. Sisi tuliobaki kwenye kwaya, kamati ya vijana na kesha za Ijumaa bado tunakwaruzana na sura ya tatu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafanya uzamili wa mipango ya elimu. Mchana nafundisha, jioni nasahihisha. Jumatano ni somo la Biblia, na mimi ndiye ninayeliongoza. Ijumaa kesha. Jumamosi kuna harusi au mazishi, na kama hakuna, kuna kikao cha kupanga harusi au mazishi. Jumapili ibada, halafu mkutano wa vijana mpaka saa kumi. Msimamizi wangu anauliza sura ya tatu iko wapi. Namwambia inakuja.

Dai langu ni hili: kanisa ndilo linalotumaliza. Ukionyesha tu kwamba unaweza kuandika kumbukumbu za kikao, unapewa ofisi, kisha ofisi nyingine juu yake. Hakuna anayekuuliza unasoma nini. Niambieni kama ni mimi peke yangu.

Nyar_Seme
Si wewe peke yako, omera, ila umeshika mwizi siye. Ni matanga.

Kwetu ukishaitwa "msomi wetu" basi wewe ni katibu wa kamati ya mazishi hadi siku watu watakapoandika yako. Wasifu wa marehemu unaandika wewe. Ratiba ya ibada unachapa wewe. Orodha ya waliochanga unaisoma wewe kwa sababu una sauti ya redio. Nimeandika wasifu wa watu ambao sikuwahi kuonana nao, nikawasifu hadi wajane wakashangaa. Na hakuna namna ya kukataa. Usipoenda kwa wenzako, na kwako hawaji.

Kanisa ukiliambia una mtihani, angalau litakuombea. Ukoo utakuuliza kama mtihani umekufa.

Takwimu_Baridi
Ja_Kondele, wewe ni mwanafunzi wa uzamili kweli? Sampuli yako ni marafiki zako wa CU. Kundi la kulinganisha liko wapi? Wale walevi tuliosoma nao, wao wamemaliza? Mimi nawajua wasioingia kanisani hata Krismasi na wako sura ya pili tangu Ebola iko habarini.

Tena huenda umegeuza mkokoteni. Huenda mtu akikwama kwenye tasnifu ndipo anapokimbilia kanisani, kwa sababu kule anahesabiwa kuwa mtu wa maana na kwa msimamizi ni mzigo. Kesha ni rahisi kuliko marejeleo.

Ja_Kondele
@Takwimu_Baridi hapo mwisho umenichoma. Sijibu leo.

Omwana_wa_Lurambi
Mulembe kwenu. Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni supavaiza.

Nilipeleka prapozo. Ikakaa. Nikapiga simu, nikaambiwa yuko semina. Nikaenda ofisini, nikakuta foleni ya watu wenye bahasha kama zangu, mmoja amebeba na kuku, sijui alikuwa anampelekea nani. Iliporudi, maoni yote yalikuwa "fafanua" pembeni mwa kurasa, na ukurasa mmoja una doa la chai. Nikafafanua. Akastaafu. Nikapewa mwingine, ambaye hakubaliani na nadharia niliyopewa na wa kwanza. Weka juu yake migomo ya wahadhiri, ule wa 2018 na ule wa 2025. Sasa hapo kwaya imeingilia wapi?

Nyar_Seme
Kuku alikuwa wa supavaiza, usijifanye hujui 😂

Mama_Mchungaji_Njoro
Bwana asifiwe. Nimesoma kimya, lakini naona wanaume mmepanga wiki zenu hapa na hakuna hata mmoja aliyetaja kupika.

Mimi nafanya uzamifu. Mume wangu ni mchungaji. Nyumba ya mchungaji haina mlango, mnajua. Mtu anakuja saa mbili usiku amegombana na mkewe, na huwezi kumkaribisha na kompyuta juu ya meza, ataona hujali. Kuna siku mama mmoja wa kanisa aliniambia kwa upole kabisa kwamba waumini wanauliza "Mama anasoma ili aende wapi?" Mume wangu alipokuwa chuo cha theolojia hakuna aliyeuliza anaenda wapi. Walimfanyia harambee.

Naandika kuanzia saa tisa usiku mpaka kuku wawike. Kanisa silichukii. Nimelelewa humo, na mwanangu alipolazwa ni akina mama hao hao walionishikia zamu hospitali. Kwa hiyo Ja_Kondele, usiseme tu kwamba kanisa linamaliza watu. Sema linamaliza nani, na nani linambeba.

Msabato_wa_Gendia
Happy Sabbath mapema. Nyinyi mnalia kuhusu kesha na vikao, vitu mnavyoweza kuomba ruhusa. Mimi programu yangu ya uzamili ni ya wanaofanya kazi, na masomo yamewekwa Jumamosi. Yote. Mitihani pia. Niliandika barua, nikaambiwa nilijiandikisha nikiijua ratiba. Kweli niliijua, ila huku kwetu nusu ya darasa ni Wasabato, nilidhani watatusikia.

Na sheria iko upande wetu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi Wasabato wasilazimishwe kuingia darasani siku ya Sabato. Vyuo vinajifanya havijui.

Wakili_Mtoro
@Msabato_wa_Gendia hukumu ipo, ila usiivute kuliko urefu wake. Kanisa la Waadventista lilimshtaki Waziri wa Elimu kwa sababu ya shule za sekondari, zile za bweni ambazo Jumamosi ni siku ya masomo. Mwanafunzi wa kidato cha pili hana pa kwenda. Mtu mzima aliyejichagulia programu ya wikendi, chuo kitasema alikuwa na chaguo la siku za kazi. Simamia Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010: mtu asinyimwe nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Hoja ipo. Lakini usiingie ofisi ya msajili ukipunga hukumu ya sekondari, atakuaibisha.

Msabato_wa_Gendia
Asante, wakili. Na chaguo la siku za kazi kwa mtu aliyeajiriwa ni chaguo gani? Ungeniambia tu nihamie Baraton.

Wakili_Mtoro
Baraton ni chuo chenu wenyewe, Jumamosi mtakuwa salama. Nauli tu.

Mzee_wa_Kaimosi
Vijana, hamjambo. Mimi ni Mkweka, nimestaafu ualimu, nina shahada moja inayonitosha. Nawashangaa mnavyosema masomo na imani vinagombana. Hapa magharibi vilikuja pamoja. Marafiki, yaani sisi Wakweka, walifika Kaimosi 1902, wakajenga kanisa, shule, hospitali na kinu uwanja mmoja. Maseno nayo ilianzishwa na Waanglikana 1906. Babu zetu waliitwa "wasomaji" kwa sababu ya kubatizwa. Mtu alijifunza kusoma ili aisome Injili, akatoka hapo akawa karani, mwalimu, mwanasiasa. Hakuna aliyemwambia achague.

Msabato_wa_Gendia
Mzee, shikamoo. Usiisahau Gendia, sisi pia ni 1906.

Takwimu_Baridi
Marahaba kwa niaba ya mzee. Lakini mzee, wakati huo aliyekuwa akikufundisha kusoma na aliyekubatiza ni mtu mmoja. Leo anayenisahihishia ni profesa asiyejua mchungaji wangu ni nani, na mchungaji wangu hajui nadharia ni nini. Kila mmoja anadhani mimi ni wake wa muda wote.

Mzee_wa_Kaimosi
Basi wakutanisheni.

Karo_Kwanza
Mnaongea Kiswahili kingi. Ni PESA. Mtu ameshindwa kumaliza karo, hawezi kutetea bila kumaliza karo, anaona aibu kusema, kwa hiyo anasema "nimebanwa na huduma". Nimewasikia. Mkopo wa serikali wa HELB wa uzamili upo, lakini huo wa digrii ya kwanza bado unakatwa kwenye mshahara. Na kwa walimu, TSC, tume ya walimu, haikupandishi daraja eti kwa sababu umeleta cheti cha uzamili. Sasa mtu mwenye akili atamaliza haraka ya nini? Amekaa huko kwenye kwaya kwa sababu kwaya haina salio.

Nyar_Seme
Kwaya haina salio? Sare ya kwaya yetu ulishawahi kuiona bei? Tunabadilisha kila Pasaka.

Karo_Kwanza
Hahaha. Nimeshindwa.

Mtafiti_Pembeni
Habari zenu. Huwa nasoma tu, leo naandika. Nitabadilisha mambo madogo madogo ili mtu asitambulike.

Mimi muda ninao. Sina mtoto, sina cheo kanisani, msimamizi wangu anajibu barua pepe. Na bado nimekwama.

Natafiti watu wanaotumia ARV, dawa za VVU, na wanaohudhuria maombi ya uponyaji, Nyanza. Nilichagua mada hii kwa sababu ya imani yangu. Niliona wanaoandika kuhusu makanisa yetu wengi ni watu wa nje wanaotucheka, nikasema nitaandika mimi ninayeyajua kutoka ndani. Kamati ya maadili ikapitisha, leseni ya utafiti ya NACOSTI ikatoka, chifu akanipokea. Yote mazuri.

Kisha watu wakaanza kuniambia ukweli. Kuna mmoja aliyeombewa, akatangaza amepona, akaacha dawa. Akaugua vibaya. Akarudi kliniki, mbali na kwao ili asionekane, na sasa anameza dawa kila siku na afya imerudi. Kanisani bado anaitwa mbele kutoa ushuhuda, naye hajui atashukaje kutoka pale. Alinieleza haya kwa sababu nilimsomea fomu ya ridhaa, inayosema jina lake halitajulikana na mtu yeyote. Alilia. Mimi pia, jambo ambalo sikuliandika kwenye daftari.

Sasa mchungaji, mtu mwema, ambaye kanisa lake lilinichangia karo muhula mmoja, ananiuliza kila tukikutana: "Umepata nini kwa watu wetu?" Anauliza kwa nia safi. Anataka kujua nani anahitaji msaada. Siwezi kumjibu. Na Jumapili yule mtu akisimama kushuhudia, kanisa zima linasema amina, na watu wananitazama kama na mimi nimesema.

Msimamizi ameandika pembeni mwa sura ya nne: "Hapa anaongea mtafiti au muumini?" Nimekaa na swali hilo. Wengine wanaacha kanisa, wengine wanaacha chuo. Mimi siachi popote, ila siandiki.

Mama_Mchungaji_Njoro
Pole, mwanangu. Pole sana.

Takwimu_Baridi
Naweka utani kando. Ridhaa ni ridhaa, hata aliyekulipia karo hana haki ya majina. Ukimwambia mchungaji mmoja, kesho hakuna mtu Nyanza atakayemwambia mtafiti kitu. Mpe matokeo ya jumla, tena baada ya kutetea.

Pasta_Bungoma
Amani kwenu. Mimi ni mchungaji, na mimi pia nasoma theolojia jioni, kwa hiyo mnaponipiga mnapiga pande zote mbili.

Mtafiti_Pembeni, usimwambie. Mchungaji mwenzangu akikukasirikia, mwambie kwamba hata sisi maungamo hatuyatoi nje. Ataelewa. Na kuhusu ushuhuda, hili nalisema kwa watumishi wanaosoma hapa: katika Luka 17 wale wakoma kumi Bwana aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kulikuwa na utaratibu wa kuthibitisha uponyaji. Kliniki ndiyo kuhani wa leo kwa jambo hilo. Kanisa linalomweka mtu jukwaani kabla ya vipimo linamfunga.

Ja_Kondele, kwako nina neno lingine. Umesema ukionyesha unaweza kuandika unapewa ofisi. Ni kweli tunawapa. Lakini mara ngapi umekataa? Nina vijana nawaambia wapumzike na wananuna, wanadhani nimewavua cheo. Kutoka 18, Yethro alimwambia Musa agawanye kazi, naye Musa akakubali. Nyinyi mnapenda kuwa Musa.

Ja_Kondele
Pasta, Musa alikuwa na mkwe wa kumshauri apumzike. Mkwe wangu mimi ananiuliza nitajenga lini.

Omwana_wa_Lurambi
Pasta, hao wakoma waliponywa wakiwa njiani, kabla ya kufika kwa makuhani. Kwa hiyo imani ilitangulia vipimo. Usigeuze.

Pasta_Bungoma
Walitakaswa njiani, naam, lakini waliambiwa waende. Hakuna aliyeshikiwa kipaza sauti njiani.

Nakuru_58
Niwarudishe kwa swali la mwanzo. Mimi naona hakuna mahali petu. CU ni ya wa digrii ya kwanza. FOCUS, muungano wa CU za vyuo, ipo tangu 1973, imefanya kazi kubwa, na nguvu nyingi zinaelekea kwa hao vijana. Nilipoanza uzamili nilienda ushirika wa CU nikakuta mada ni "uchumba mtakatifu". Nina watoto wawili. Kanisani nako kuna wanawake, wanaume, vijana. Mwanafunzi wa miaka 36 anakaa wapi? Kwa vijana nafanywa mlezi, kwa wanaume nafanywa mweka hazina.

Hata vyuo vya Kikristo si jibu lenyewe. Kabarak hapa kwetu wana kanuni iliyotoka 1 Petro 3:15, kumtakasa Kristo moyoni kama Bwana, wakati wote na mahali pote. Ni nzuri, naipenda. Lakini kanuni haisomi rasimu yako. Unahitaji watu watatu wanne wanaojua sura ya pili ni nini na wanaojua kuomba, wakae meza moja. Hicho ndicho sijakiona.

Karo_Kwanza
Na meza hiyo nani analipia chai?

Afya_ya_Ziwa
Mmesahau kitu. Hata ukimaliza kuandika hujamaliza. CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, ilisema 2014 lazima uchapishe makala mbili kwenye jarida kabla ya kupewa uzamili. Hapo ndipo watu wengi wanakwama, na majarida mengine yanakudai dola.

Mama_Mchungaji_Njoro
Mbili ni za uzamifu. Uzamili ni moja. Usiwatishe watoto.

Afya_ya_Ziwa
Nashukuru, Mama. Moja nayo inatosha kuua.

Takwimu_Baridi
Na tahadharini na jarida linalokubali makala kwa siku tatu na kukuita "Mpendwa Profesa Mashuhuri".

Mtafiti_Pembeni
Asanteni wote. Pasta, nimempigia mchungaji wangu nikamwambia hilo la maungamo. Alinyamaza kidogo, akasema sawa. Sijui kama ni sawa ya kuelewa au ya kukasirika. Jumapili nitaona amenisalimiaje.

@Nakuru_58 meza hiyo ningeitaka hata kama ni kwa simu.

Nakuru_58
Basi tuianze. Saa mbili za kuandika kimya, kamera zimezimwa, dakika kumi za maombi mwisho. Naweka kundi la WhatsApp. Ijumaa jioni?

Ja_Kondele
Ijumaa nina kesha.

Msabato_wa_Gendia
Ijumaa jua likizama mimi siko. Wala Jumamosi.

Nyar_Seme
Jumamosi nani yuko hai? Niko na mazishi mawili, moja Seme moja Alego.

Pasta_Bungoma
Jumapili msiniulize.

Omwana_wa_Lurambi
Jumatatu basi. Ila Jumatatu supavaiza wangu ndio huwa ofisini, nikimpata.

Mama_Mchungaji_Njoro
Mimi saa tisa usiku niko macho siku zote. Anayetaka aje.

Karo_Kwanza
Saa tisa usiku bando ni rahisi. Nakubali.

Takwimu_Baridi
Mimi mpagani naruhusiwa?

Mama_Mchungaji_Njoro
Kama unajua kupanga marejeleo, wewe ndiye wa kwanza kuingia.

Ja_Kondele
Nakuru_58, Jumanne saa tatu usiku. Jumatano somo la Biblia nitamwachia naibu wangu, kwa hiyo Jumanne sina la kuandaa. Bado sijamwambia.

Nakuru_58
Mwambie kwanza ndiyo nifungue kundi.